Maswali ya wazazi: cheti cha ubatizo, ada, viboko na bweni kwenye shule zetu za kanisa

Tangu shule zifunguliwe barua zenu zimekuja nyingi mno na nyingi zinafanana, zinatoka kwa wazazi wenye watoto kwenye shule za msingi za Kikatoliki, wengine ni Wakatoliki wengine sio, kwa hiyo toleo hili nimeamua ukurasa wote uwe wa kwao. Nimefundisha shule za namna hiyo miaka mingi, za masista na za parokia, ninayoyajibu hapa ni mambo ninayoyajua yanavyokwenda humo ndani. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yuko darasa la tatu shule ya masista hapa Dar. Mwaka huu wanaanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na shule inataka cheti cha ubatizo. Sasa mtoto alibatizwa Bukoba kijijini kwa bibi yake akiwa na miezi mitatu, nilikuwa nimeenda kujifungulia nyumbani, cheti sijawahi hata kukiona. Halafu mimi na baba yake tunaishi pamoja lakini hatujafunga ndoa, na mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo kaniambia mtoto hawezi kupokea mpaka sisi tufunge kwanza. Nimekosa raha kabisa. *(Mama wa binti mmoja, Tabata)*

JIBU: Milele amina, marahaba mwanangu. Tuanze na cheti maana hicho ni chepesi kuliko unavyofikiria. Kila mtoto anayebatizwa anaandikwa kwenye kitabu cha wabatizwa na kitabu hicho kinakaa parokiani, hata kama ubatizo ulifanyika kigangoni, yaani tawi la parokia kijijini, chini ya mwembe. Kwa hiyo cheti kikipotea au kama hakikuwahi kutolewa, ubatizo haujapotea, unaombewa cheti kingine kutoka kitabu kilekile. Mpigie bibi umuulize vitu vinne: kigango kipi na parokia ipi, mwaka na ikiwezekana mwezi, mtoto aliandikishwa kwa jina gani, na msimamizi wake alikuwa nani. Ukiwa na hayo, katibu wa parokia anafungua kitabu cha mwaka ule anashuka na majina mpaka anampata, anakuandikia na ile namba ya LB, yaani namba yake kwenye kitabu cha wabatizwa, ambayo ndiyo wanayoitafuta huku mjini. Simu peke yake mara nyingi haitoshi, tafuta ndugu aende ofisini mwenyewe na barua fupi kutoka parokia unayosali sasa.

Hapo kwenye jina ndipo wazazi wengi wanakwama. Bibi kamwandikisha kwa jina la ukoo wa kwao, shuleni anatumia jina la baba, cheti cha kuzaliwa cha RITA kina jina la tatu, halafu mnagundua wiki moja kabla ya sherehe. Ukishapata cheti cha ubatizo kiweke mezani pamoja na cha RITA uvisome herufi kwa herufi, ukiona havifanani nenda kwa paroko mapema, usisubiri sista akuite.

Sasa hili la ndoa. Huyo mama wa jumuiya kakupa jibu ambalo halimo kwenye sheria za Kanisa. Kanuni ya 913 inataka mtoto awe ameandaliwa vizuri na aelewe kwa kadiri ya umri wake anapokea nini, na kanuni ya 914 inasema aanze na kitubio, yaani kuungama kwa padre, na kwamba ni jukumu la wazazi na paroko kuhakikisha anaandaliwa. Ndoa ya wazazi haijatajwa. Hata kwenye ubatizo, Januari 2014 Papa Fransisko aliwabatiza watoto kwenye kanisa dogo la Sistina kule Vatikano na mmojawapo wazazi wake walikuwa hawajafunga ndoa ya kanisani, dunia nzima iliona. Kwa hiyo mtoto wako asibebeshwe mzigo ambao sio wake. Ila usiende kubishana na yule mama, nenda ofisini kwa paroko siku ya kazi, umweleze hali yako bila kuficha, na swala la ndoa yenu mliongee kama jambo lenu linalojitegemea. Msikimbilie kufunga ndoa kwa sababu ya cheti cha mtoto, ndoa sio kibali cha kuombea kitu kingine.

Kitu utakachoombwa karibu kila parokia ni barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Kama umekuwa huonekani jumuiyani, anza Jumamosi hii, jitambulishe, sema ukweli kwamba kazi zilikubana. Watu wa jumuiya wanapokea, kinachowaumiza ni mtu anayekuja siku anayotaka muhuri tu halafu anapotea.

Na naomba nikuongezee kitu hujauliza. Watoto wa inglishi midiamu sala zote wanazijua kwa Kiingereza kwa sababu mstarini asubuhi ndivyo wanavyosali, lakini huko parokiani katekista na paroko watamuuliza kwa Kiswahili. Nimeona mtoto mwenye akili nzuri tu anasimama mbele ya padre anaambiwa sali Sala ya Kutubu anabaki ameduwaa, sala anaijua ila sio kwa lugha anayoulizwa. Anza naye leo usiku kabla ya kulala, Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki, Amri Kumi, zile sala za Imani, Matumaini na Mapendo, moja kwa wiki bila haraka. Baba yake naye asali, mtoto akimsikia baba anasali anaichukua haraka sana.

Gauni likiwa la kawaida jeupe na safi linatosha. Sehemu nyingi shule au parokia inachagua mshono mmoja kwa wote, na mimi naunga mkono kabisa, kwa sababu nimeshuhudia mtoto analia nyuma ya kanisa akiona gauni la mwenzake lina mkia na taji. Ukumbi, keki ya ghorofa tatu na mpiga video havidaiwi na mtu yeyote. Pilau nyumbani, rozari na Biblia kwa mtoto, majirani wachache, siku imekamilika.

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni Muislamu, ninaishi Tanga. Shule iliyo karibu na nzuri kwa watoto wadogo ni ya masista na mke wangu anaipenda, lakini ndugu zangu wananiambia mtoto atabatizwa kimyakimya. Sitaki kumweka mtoto mahali ambapo atavurugwa dini yake. Nishauri kwa ukweli. *(Baba wa watatu, Tanga)*

JIBU: Waaleikum salaam baba, ahsante kwa kuuliza waziwazi. Kubatizwa kimyakimya hapana. Sheria za Kanisa lenyewe, kanuni ya 868, zinasema mtoto mdogo habatizwi kihalali mpaka wazazi au angalau mmoja wao akubali, ukiacha mtoto aliye kwenye hatari ya kufa, na kanuni ya 748 inakataza mtu yeyote kulazimishwa kuingia Ukatoliki. Hata mtoto mwenyewe akiwa mkubwa kidogo akasema anataka, paroko makini atakuita wewe kwanza. Na juu ya hapo kuna Katiba ya nchi, ibara ya 19, uhuru wa dini. Shule hizi zimesomesha watoto wa Kiislamu kizazi baada ya kizazi na wengi wao ni wazee wa misikiti leo.

Lakini ukweli ulioniomba una upande wa pili pia. Shule ya Kikatoliki ina maisha yake ya kidini na hayafichwi: asubuhi wanaanza kwa sala, darasani kuna msalaba ukutani, kabla ya uji wanasali, siku fulani kuna Misa ya shule, Desemba kuna igizo la Noeli na watoto wote wanataka kuwa malaika. Mtoto wako ataziona na kuzisikia hizo nyimbo na atakuja kukuimbia nyumbani ukiwa unakula. Kama hilo litakukera kila siku basi tafuta shule nyingine, usimpeleke mtoto halafu uanze kumgombeza kwa nyimbo alizofundishwa.

Kama unaona unaweza kuishi nalo, nenda kaonane na mwalimu mkuu kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, uulize maswali haya na upate majibu ya wazi. Wakati wa Misa ya shule watoto wasio Wakatoliki wanakaa wapi na wanasimamiwa na nani? Kipindi cha dini wanafanya nini, na kama kuna ustadhi anayeruhusiwa kuja? Ijumaa wanaruhusiwa kutoka saa ngapi? Ramadhani mtoto mkubwa akifunga, anakaa wapi wenzake wanapokula? Binti anaweza kuvaa ushungi na sare? Jikoni wanapika nini? Majibu yanatofautiana shule na shule, ipo inayoruhusu ushungi ipo isiyoruhusu, na ni bora ulijue hilo Novemba kuliko Februari. Wakikujibu vizuri uliza kama hayo yameandikwa kwenye fomu ya kujiunga unayosaini, kwa sababu mwalimu mkuu akihamishwa neno la mdomo linaondoka naye.

Na madrasa usimkatishe. Mtoto anayejua dini yake nyumbani haivurugwi kirahisi na kinachomchanganya zaidi ni kuona wazazi wenyewe hawaswali.

SWALI: Mwalimu habari, mume wangu kazi imesimama tangu mwaka jana na muhula uliopita ada hatukumaliza. Watoto wawili. Juzi wamerudishwa nyumbani getini mbele ya wenzao, yule mdogo hataki tena kurudi. Shule ni ya kanisa na sisi zaka tunatoa, mbona hawana huruma? *(Mama aliyechoka, Morogoro)*

JIBU: Pole sana mama, na pole kwa mtoto. Kumrudisha mtoto wa darasa la pili getini mbele ya wenzake kwa deni la mzazi ni kitu ambacho nimekipinga kwenye vikao vya walimu na nitaendelea kukipinga, deni ni la watu wazima na liongelewe na watu wazima. Uwaambie hivyo, kwa heshima lakini uwaambie.

Kuhusu zaka na ada, watu wengi hawajui kwamba ni mifuko miwili tofauti. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilichukua shule za madhehebu zilizokuwa zinapata ruzuku yake, kwa hiyo zile shule za misheni walizosoma wazee wetu leo ni za serikali, na nyingi za msingi za kanisa unazoziona sasa zimeanzishwa baadaye kabisa, na sadaka yako ya Jumapili haiendi kwenye mishahara yao. Hata mpango wa elimu bila ada ulioanza 2016 ni wa shule za serikali tu. Mshahara wa mwalimu, dizeli ya basi, mahindi na maharage, vyote vinatoka kwenye hiyo ada mnayolipa. Nakueleza hivyo ili ujue ukienda pale unaongea na mtu ambaye naye anadaiwa, haina maana kwamba hawawezi kukusaidia.

Wanaweza, ila wanamsaidia anayejitokeza. Mzazi anayezima simu na mzazi anayekuja na elfu hamsini mkononi na karatasi, hao hawatendewi sawa popote pale. Kwa hiyo nendeni wewe na mume wako wote wawili, msimtume shangazi. Muandikie barua meneja wa shule, nakala kwa mwalimu mkuu na mhasibu, mweleze kazi ilisimama lini, deni ni kiasi gani, mtalipa kiasi gani kila tarehe ngapi. Kiasi kiwe kidogo mnachoweza kweli, ukiahidi laki mbili ukaleta elfu thelathini umejiharibia. Omba wakugongee muhuri nakala yako. Slipu zote za benki na risiti zitoe kopi ukae nazo, mhasibu akibadilika deni huwa linafufuka.

Waulize pia kama kuna punguzo kwa watoto wa familia moja, shule nyingi zinalo na halitangazwi. Na paroko wako pamoja na Karitasi ya parokia, wale wa huduma za misaada, waambiwe, wakati mwingine kuna mfadhili anayetafuta mtoto wa kumsomesha na hajui pa kuanzia.

Kama baada ya hesabu zote mkaona haiwezekani, muhamishieni shule ya serikali bila aibu na kwa wakati, mwisho wa muhula, na taratibu zote za uhamisho. Kule nako mtoto anasoma, na mafundisho ya dini ataendelea kuyapata parokiani.

SWALI: Mwalimu, mwanangu wa la nne kaja nyumbani viganja vimevimba, kachapwa na mwalimu wa hesabu kwa kufeli jaribio. Ameniomba nisiende shule, anasema wataniona mimi ndio nimesema. Nifanye nini? *(Mama mwenye hasira, Mwanza)*

JIBU: Mama, hasira yako ina haki na mimi ninayo hapa ninapoandika. Mtoto kufeli hesabu ni taarifa kwa mwalimu kwamba hajaelewa, fimbo haijawahi kumuelewesha mtu kugawanya.

Anza na mtoto. Mkalishe, mwache aeleze kwa maneno yake, usimmalizie sentensi. Ilikuwa lini, kipindi gani, kachapwa mara ngapi, kwa kitu gani, nani walikuwepo. Andika, weka na tarehe. Piga picha ya mikono leoleo maana uvimbe kesho umeshuka. Kama ameumia kiasi cha kushindwa kushika kalamu, hospitali kwanza, na kama ni jeraha pitia polisi mpate PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu.

Ujue na sheria inasemaje ili usiende kuongea kwa hisia peke yake. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama shuleni hayupo kabisa, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Na shule ya kanisa iko chini ya kanuni hizohizo, rozari shingoni haimpi mtu ruhusa zaidi. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mwalimu mkuu ni fupi tu: naomba nione kitabu cha adhabu, mtoto wangu ameandikwa humo?

Usiende darasani kumvamia mwalimu mbele ya watoto, hapo mtoto wako ndio atabaki na jina. Nenda kwa mwalimu mkuu, na umwombe mbele yako kwamba mtoto asisumbuliwe kwa kusema. Usiporidhika panda kwa meneja wa shule, ambaye anaweza kuwa paroko au mkuu wa shirika la masista, halafu ofisi ya elimu ya jimbo. Nje ya kanisa kuna Afisa Elimu Kata, wathibiti ubora wa shule, na namba 116 ya huduma kwa mtoto ambayo ni bure. Na kama siku moja jambo ni la kumshika mtoto sehemu za siri au maneno machafu, hapo usipite kwa mwalimu mkuu wala kwa padre kwanza, nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kisha kanisa lijulishwe. Yeyote atakayekuambia tuyamalize kifamilia kwa ajili ya heshima ya shule, usimsikilize.

Hilo la mtoto kukuomba usiende, mwambie ukweli: nitaenda, lakini nitaenda taratibu na sitakuacha peke yako. Akijua unakwenda kichwa kimetulia ataendelea kukuambia mambo. Ukienda ukarusha viti, hatakuambia tena.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi elimu yangu ni ya la saba, Kiingereza sijui. Mtoto yuko la pili inglishi midiamu, homuweki zinakuja kila siku na mwalimu anaandika kwenye daftari la mawasiliano "mzazi msaidie mtoto". Namsaidiaje? Nimefikiria tuisheni mpaka saa mbili usiku. *(Mama lishe, Moshi)*

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuisheni mpaka saa mbili usiku kwa mtoto wa la pili hapana, huyo anaamka saa kumi na moja kuwahi basi. Mtoto akilala masaa sita atasinzia kwenye dawati na ile hela ya tuisheni imekwenda bure.

Wewe msaada unao. Mwambie akusomee swali kwa Kiingereza halafu akueleze kwa Kiswahili linataka nini. Akishindwa kueleza maana yake hajaelewa, na hapo ndipo unapoandika kwenye daftari, kwa Kiswahili tu, "Mwalimu, swali la tatu na la nne hajaelewa". Hiyo ndiyo taarifa mwalimu anayoitaka. Kibaya zaidi ni kumpa mtoto wa jirani wa sekondari aijaze homuweki yote, mwalimu anaona tiki tupu anaendelea na mada nyingine, mtoto anabaki nyuma na hakuna anayejua.

Hesabu mfundishe kibandani kwako. Chapati sita kwa mia tano kila moja, mteja katoa elfu tano, chenji ngapi? Anarudisha chenji mwenyewe. Mambo ya hesabu za la pili na la tatu mengi yamo humo. Na Kiswahili mzungumzishe vizuri, msimuliane hadithi, usimjibu kwa kuungaunga maneno ya Kiingereza ili aonekane wa inglishi midiamu. Mtoto mwenye lugha moja iliyonyooka kichwani anajifunza ya pili haraka.

SWALI: Tunataka mtoto wa la pili aingie bweni kwa masista, mimi na baba yake tunasafiri kikazi. Tujiandae vipi? *(Wazazi, Dodoma)*

JIBU: Kwa la pili mlango umefungwa. Tangu Machi 2023 serikali ilizuia bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne isipokuwa kwa shule yenye kibali maalumu, kwa sababu watoto wadogo wanahitaji kulelewa na watu wao. Ukiona shule inakupokelea mtoto wa la pili bweni, omba kuona kibali hicho kwa macho yako. Kwa sasa tafuteni bibi, mama mdogo, mtu wa damu anayeweza kukaa na mtoto, na mmoja wenu aombe kupunguza safari kama inawezekana.

Akifika la tano tutaongea tena, ila niwaachie moja la kuanza nalo. Kila nguo ishonwe jina kwa uzi, kalamu ya wino inatoka nguo ikifuliwa mara ya tatu. Jumamosi ya kufua kule bwenini soksi nyeupe zinaanikwa kamba nzima zinafanana kama mayai, mwenye uzi mwekundu kwenye pindo anazitambua zake, wengine wanaanza kugombana na jioni matroni ana kesi kumi. Kandambili, ndoo, chandarua, shuka jozi mbili. Simu hapana. Na mtoto ajue kujifua na kuoga mwenyewe kabla hajaenda.

SWALI: Mwanangu ana miaka tisa, mwalimu wa dini kawaambia Kwaresima wafunge, Jumatano ya Majivu hakula mpaka jioni akatapika. Ni sawa? *(Baba, Iringa)*

JIBU: Sio sawa, baba. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1252, kufunga kunaanza ukifika miaka 18 mpaka unapoanza mwaka wa 60, na kuacha nyama kunaanza ukitimiza 14. Mtoto wa miaka tisa hayumo kote kuwili. Anaweza kujinyima pipi au soda na ile hela akaiweka kwenye kopo la mchango wa Kwaresima, hiyo inamfundisha vizuri tu. Uji wa saa nne anywe. Mwambie na mwalimu wa dini, yawezekana aliwaambia "wajinyime" na watoto wakasikia vingine, watoto wa umri huo wanashika neno kama lilivyo.

SWALI: Kuna habari kwamba la saba linafutwa. Mwanangu aliingia la tatu 2024, shule inatudai hela ya kambi ya la saba mapema. Tulipe? *(Mzazi, Kibaha)*

JIBU: Msilipe kabla hamjauliza. Kwa Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023 elimu ya msingi ni miaka sita, na mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu. Mtoto aliyekuwa la tatu mwaka huo anamalizia la sita 2027, mwaka uleule ambao la saba wa mtaala wa zamani nao wanamaliza, halafu wote wanaingia kidato cha kwanza 2028. Kwa hiyo mwanao hatafika la saba. Mnachotakiwa kuulizia sasa hivi ni nafasi za sekondari, maana madarasa mawili yatagombania milango ileile, na kama mnataka seminari au shule ya masista anzeni kuulizia tarehe za interviyu mwaka mzima kabla.

SWALI: Mwalimu, mtoto wa la sita anapata Kipaimara mwezi ujao, dada yake wa miaka 15 anaweza kuwa msimamizi? Au mimi mama yake? *(Mama, Songea)*

JIBU: Wote wawili hapana. Msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyekwisha kupokea Komunyo na Kipaimara na anayeishi imani yake, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Anayefaa kuliko wote ni yule aliyemsimamia kwenye ubatizo kama yupo na anafikika, Kanisa lenyewe linashauri hivyo. Mpigie simu leo, kama yuko mbali sana mchukue mama mdogo au shangazi, na aende na cheti chake cha Kipaimara parokiani wiki hii maana mwezi ujao uko karibu.